Mzee Aliyekaa Ngazini

Nyumbani walimwita Chiriku tangu utotoni, kwa sababu alianza kusema kabla hajajua kutembea, na tangu hapo hakunyamaza. Alipokua, mdomo huohuo ukampatia kazi: alipokea simu katika kituo cha huduma kwa wateja cha kampuni ya umeme. Kutwa alikaa na visikizi masikioni, akitukanwa na watu waliokatikiwa umeme, naye akiwajibu kwa upole, "Pole sana, mteja wetu." Bibi mmoja aliwahi kumjibu, "Pole yako haipigi pasi, mwanangu!" Chiriku akacheka mpaka msimamizi wa zamu akageuka kumwangalia.

Mdomo aliurithi kwa baba yake. Mzee alikuwa mtangazaji wa uwanja wa mpira. Ndiye aliyekuwa akitaja majina ya wafungaji kwenye vipaza sauti, akiyavuta mpaka jukwaa zima likasimama. Mtaani walimwita Radi. Akienda dukani kununua sabuni, watu walimwomba aitangaze sabuni hiyo kama vile imefunga bao, naye hakujivunga.

Kisha koo likaanza kumkwaruza. Alidhani ni mafua, akanywa maji ya moto, akaendelea na kazi. Madaktari walipouona uvimbe, ulikuwa umeshaota mizizi. Walimweleza bila kuzunguka: ama watoe zoloto, kisanduku cha sauti, ama wamwache aende nao. Radi akachagua kuishi. Alitoka hospitali na tundu shingoni, limefunikwa kitambaa, na sauti yake imebaki kulekule.

Mama alimnunulia kibao cha kuandikia. Radi aliandika "chai", akaandika "asante", akaandika "zima taa", basi. Jioni Chiriku akirudi, koo limemkauka kwa kusema na watu baki, alikaa mbele ya baba yake na kukosa neno. Kuongea mbele ya mtu aliyenyang'anywa sauti aliona ni kama kula mbele ya mwenye njaa. Alisalimia, akainama kwenye sahani, akaenda kulala.

Siku moja, katikati ya zamu, ukaingia ujumbe. Simu za mkononi waliziacha kwenye kabati mlangoni, lakini Chiriku, kama wenzake wote, alikuwa na kidirisha cha ujumbe pembeni mwa skrini, amekibana kikawa kidogo, maandishi yake ya kijivu yakifanana na maelezo ya wateja. Baba yake alikuwa ameandika:

"Uko ndani ya chumba chenye giza. Mbele yako kuna mlango. Sakafuni kuna kitu kinachopumua. Unafanya nini?"

Chiriku alidhani dawa zimempanda mzee kichwani. Akaandika, "Baba, uko salama?"

"Mchezo haulijui neno hilo. Unafanya nini?"

Hapo akakumbuka. Zamani, katika chumba cha matangazo pale uwanjani, fundi mitambo alikuwa na kompyuta kuukuu yenye mchezo wa maandishi matupu, hauna picha wala mlio. Mashine ilikueleza mahali ulipo, nawe ukaandika unachotaka kufanya. Baba yake na yule fundi waliucheza kabla ya mechi mpaka refa akaja kuwagongea. Sasa mzee amegeuka kuwa mashine yenyewe.

"Naangalia kinachopumua," Chiriku akaandika.

"Ni mbuzi. Amelala. Anaota unapokea simu, na anacheka."

Kuanzia siku hiyo zamu zikawa fupi. Mteja akilalamika sikioni, Chiriku alikuwa akimpa pole huku vidole vikifungua milango, vikiwasha mishumaa, vikimbembeleza mbuzi apite darajani. Jirani yake wa meza, mama mtu mzima waliyemwita Bi Shwari kwa kuwa hakuna mteja aliyewahi kumpandisha hasira, alichungulia siku moja, akasoma, na tangu hapo akawa mchezaji wa pembeni. "Usiingie huko, mtoto wee," alinong'ona. "Mbuzi mwenyewe amekataa, wewe ni nani?" Msimamizi naye, alipopita nyuma yao na kuona mistari imejaa skrini, alimpiga Chiriku bega: "Siku hizi unaandika maelezo kamili. Wenzako waige." Bi Shwari ilibidi ajifanye anakohoa.

Mchezo ukafika kwenye ngazi ndefu. Katikati ya ngazi alikaa mzee, akaziba njia. Chiriku alijaribu kumruka, akajaribu kumpa mbuzi. Mzee hakusogea.

"Naongea na mzee," hatimaye akaandika.

Jibu lilikawia. "Mzee anasema ana binti. Anasema binti huyo akiingia ndani siku hizi hunyamaza. Anasema anazikosa kelele zake kuliko anavyoikosa sauti yake mwenyewe."

"Haloo? Upo?" mteja aliuliza sikioni.

Jioni ile Chiriku alianza kusema tangu mlangoni. Alisema akivua viatu, akasema akila, akamwigiza msimamizi, akawaigiza wateja mmoja mmoja. Mama alisimama na taulo mkononi, ameduwaa. Radi alicheka mabega yakimtikisika, machozi yakimtoka, bila mlio wowote.

Walipata miezi kadhaa ya namna hiyo. Kisha uvimbe ukarudi, na safari hii daktari hakuwa na cha kukata. Aliwaeleza wote wakiwa wamesimama kando ya kitanda. Radi alisikiliza, akainua kidole gumba, na ndugu wakatoka wodini wakisema mzee amejikaza kiume.

Likizo ya Chiriku ilikuwa imekwisha kwa kumuuguza, kwa hiyo akarudi kazini. Kidirisha kilibaki wazi. Ujumbe sasa ulikuja mmoja mmoja, maneno machache.

"Uko ngazini. Mzee bado amekaa. Unafanya nini?"

Chiriku akaandika, "Namuuliza mzee kama anaogopa."

Simu ikaingia. Alikuwa mwenye bucha, umeme umekatika tangu asubuhi, nyama imeanza kunuka. Chiriku akaanza kumuuliza namba ya mita. Kidirishani nukta zikatokea, zikapotea, zikatokea tena.

"Mzee anasema ndiyo. Anaogopa sana. Anakuomba usimwambie binti yake."

"Dada! Unanisikia lakini?"

Chiriku aliurudia kuusoma ujumbe. Bi Shwari alimtazama, akatazama skrini, kisha akamvua visikizi taratibu na kuvivaa mwenyewe. "Pole sana, mteja wetu, nipo nawe sasa," akasema, huku kwa mkono akimsukuma Chiriku ainuke.

Mlangoni msimamizi alimkinga. "Zamu haijaisha. Nitakuandikia onyo."

"Andika," Chiriku akasema, akatoa simu yake kabatini, akaenda.

Wodini alimkuta baba yake macho yako darini, simu imelala juu ya shuka. Hakumwambia lolote, maana aliombwa asiseme. Alivuta kiti, akatoa simu yake, akaandika: "Nakaa ngazini na mzee."

Simu ya Radi ilitetemeka. Akasoma. Vidole vyake vilikuwa vimekonda na vilitafuta herufi kwa shida.

"Ngazi ni nyembamba. Sogea."

Chiriku akavua viatu, akapanda kitandani, akajibana ubavuni mwa baba yake. Muuguzi alipokuja na dawa aliwaona, akaiweka mezani na kuondoka.

Radi alifariki wiki iliyofuata, asubuhi, mama alipotoka kumwaga maji aliyomnawishia uso. Chiriku alikuwa kazini, akimweleza mteja namna ya kusoma mita.

Matanga yalipokwisha na ndugu kutawanyika, mama alikaa ukingoni mwa kitanda na kumuuliza, "Mlikuwa mkiandikiana nini siku zote zile?"

Chiriku akamsomea tangu mwanzo. Mama alitabasamu, akauliza huyu mbuzi ni wa nani, akacheka kidogo. Walipokaribia mwisho Chiriku alisita. Alifikiri kuruka. Kisha akasoma, yote, kama yalivyoandikwa.

Mama alinyoosha shuka kwa kiganja.

"Najua," akasema. "Tangu tulipoambiwa, nikisinzia pale kitini, alikuwa akinishika mkono anatetemeka. Nikajifanya nimelala, asione haya."

"Mama, ungemwambia tu kwamba unajua..."

"Ningemwambiaje? Mimi si nilikuwa nimelala." Akajaribu kucheka, ikashindikana. Akajifunika uso kwa shuka lile na kulia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata makaburini. Chiriku aliweka simu chini, akamshika mgongo, akamwacha alie.