Maji Juu ya Nyumba ya Émérance

Tangu mume wake apooze, Pélagie alikuwa amezoea kuogopa. Aliogopa ngazi ya mlangoni, aliogopa sabuni iliyosahauliwa sakafuni, aliogopa miiba ya samaki. Kwa hiyo siku ile kamio, lori kubwa, ilipopanda mtaa wa Songo na kushusha maboksi makubwa mbele ya parseli yao, na Hyacinthe akacheka kama ambavyo hakuwa amecheka tangu augue, yeye hakucheka. Alitazama kiwanja chao kilivyoinama, akatazama chini kwa jirani, akajiuliza maji yote hayo yatakaa wapi.

Hyacinthe alikuwa mwalimu wa michezo. Vijana wengi wa Uvira wanaojua kuogelea, yeye ndiye aliyewafundisha. Kila asubuhi kabla ya masomo alishuka ziwani, akaogelea akifuata ufuo, kisha akarudi nyumbani kunywa chai na nywele zake bado zinadondosha maji. Halafu siku moja tansiyo, presha ya damu, ilimpanda akiwa uwanjani na wanafunzi. Alipotoka hospitalini, mkono na mguu wa kuume haikumtii tena, na maneno yakawa yanatoka polepole.

Mtaalamu wa viungo kule Bujumbura aliwaeleza kwamba mwili ndani ya maji huwa mwepesi, na mguu unaweza kujifunza upya kutembea. Walijaribu ziwani. Wanaume wawili, wanafunzi wake wa zamani, walimshika huku na huku, lakini wimbi dogo, ambalo zamani hata asingeligundua, lilimzungusha likamwangusha, akanywa maji. Siku hizohizo watu wakawa wanasema mamba ameonekana karibu na mahali pa kufulia. Hyacinthe hakutaka kurudi. Alikaa barazani, akitazama ziwa kwa mbali kama mtu anayetazama nyumba alimofukuzwa.

Ndipo Aline, binti yao aliye Ulaya, akatuma pisini, bwawa la kuogelea. Si ile ya kuchimba. Hii ilikuwa ya kusimama juu ya ardhi: vyuma vyenye miguu vinaunganishwa kuwa duara, na ndani yake unatandazwa mfuko mkubwa wa plastiki nene ya bluu, unaofika kifuani mwa mtu mzima. Ilikaa Bujumbura muda mrefu ikingoja mpaka wa nchi ufunguliwe, na kila wiki Hyacinthe aliuliza imefika wapi.

Aliyekuja kuifunga ni Chadrack wa Kasenga, fundi wa mabomba mwenye jina zuri, ambaye alikuwa amesimamisha matangi ya maji kwenye shule na makanisa. Alizunguka kiwanja, akaona tatizo mara moja. Pisini inataka mahali palipo sawa, na parseli nzima ilikuwa mteremko. Akaamua kukata udongo upande wa juu na kuujaza upande wa chini, akauzuia kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa, akaumwagia maji na kuushindilia kwa gogo. Chini kidogo ya mawe hayo ndiko kulikuwa na nyumba ya Émérance, mjane anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni na kulea wajukuu zake. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya udongo.

Pélagie alimuuliza Chadrack kama udongo ule mpya utabeba uzito wote. Fundi alipanda juu yake, akarukaruka, akamwambia mama atulie, tangi la kanisa ni zito kuliko hii. Pélagie alitaka kusema kwamba tangi la kanisa limesimama kwenye mwamba. Lakini Hyacinthe alikuwa amesogezewa kiti karibu na kazi, akishika vyuma kwa mkono wake wa kushoto na kumpa fundi kimoja kimoja, uso unang'aa. Pélagie akanyamaza.

Maji yaliletwa na kamio ya tangi, ikapanda na kushuka mchana kutwa. Pélagie aliona wanawake waliotoka kisimani na mabidoni ya maji kichwani wakisimama njiani kutazama. Hakuna aliyesema neno baya, na hilo ndilo lililomchoma. Jioni alipeleka habari kwamba mwenye kutaka maji ya kuoshea aje achote. Wachache walikuja. Usiku wa kwanza usingizi wake ulijaa sauti ya plastiki inayopasuka.

Lakini pisini ilifanya kazi. Hilo hakuna awezaye kulikana. Kila asubuhi Chadrack au mwanafunzi mmoja wa zamani alikuja kumsaidia Hyacinthe kupanda ngazi na kuingia. Mwanzoni alishika ukingo tu, akitetemeka. Baadaye akaanza kuachia. Mguu uliokuwa ukiburutwa kama mzigo wa mtu mwingine ukaanza kunyanyuka ndani ya maji, ukakanyaga, ukanyanyuka tena. Kiangazi kilipokuwa kinakwisha, aliweza kuizunguka pisini yote bila kushika kitu, na nje ya maji akawa anatembea kwa fimbo kutoka chumbani hadi barazani. Pélagie alilia alipomwona, akajificha jikoni ili asimharibie furaha yake.

Kisha mvua za kwanza zikaanza.

Pélagie alikuwa anafagia uani alipoona mstari kwenye udongo wa kujaza, mwembamba kama uzi, umeifuata pisini upande wa chini. Aliufukia kwa mguu. Baada ya mvua iliyofuata mstari ulirudi, na safari hii kidole chake kiliingia. Aliinua macho kwenye maji, akaona kwamba upande mmoja yamekaribia ukingo kuliko upande wa pili. Kwa hiyo pisini ilikuwa imeinama.

Alimwita Chadrack, naye akaja, akapima kwa macho, akaongeza mawe, akasema udongo mpya hukaa hivyo, unajilaza kwanza halafu unatulia. Alisema kwa moyo mweupe, Pélagie aliona kwamba anaamini. Lakini yeye hakutulia. Alimwomba mume wake wapunguze maji, au wayamwage yote mpaka mvua zipite.

Hyacinthe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, neno moja moja:

"Weye unaogopa tangu siku nilianguka. Minye njo nilianguka, lakini weye njo haujasimama."

Pélagie aliona kwamba ni kweli. Kwa siku kadhaa alijitahidi kuwa mtu asiyeogopa. Alijiambia kwamba mtu akikaa na hofu muda mrefu huona nyufa hata kwenye sahani. Ila kila mawingu yalipokusanyika juu ya milima, alijikuta amesimama dirishani akihesabu miguu ya pisini kama mtu anayehesabu mbuzi jioni.

Mwishoni alishuka kwa Émérance. Alibeba sahani ya maharage ili asiende mikono mitupu, akakaribishwa, wakaongea habari za soko na za wajukuu. Alikuwa anatafuta njia ya kuanza wakati jirani yake alipoishika sahani, akainamisha kichwa, akamwomba aingie chumba cha nyuma. Pale walipolala watoto, Émérance aliweka kiganja cha Pélagie ukutani. Ukuta ulikuwa baridi, umelowa, na matofali yakaacha matope mkononi.

"Iko inatoka jasho," Émérance alisema.

"Tangu wakati gani?"

"Tangu mbele ya mvua kuanza."

"Na haukuniambia, dada?"

Émérance aliirudisha mikono yake ndani ya kitenge. "Ningekuambia namna gani? Kila asubuhi niko nasikia Mwalimu anacheka mu maji. Muntu hawezi kumukataza mugonjwa dawa yake. Nilisema, acha kwanza apone."

Pélagie alipanda kurudi nyumbani. Njia nzima alifikiri jinsi yeye alivyonyamaza kwa ajili ya furaha ya Hyacinthe, na Émérance naye akanyamaza kwa ajili hiyohiyo, na watoto wakawa wanalala katikati ya kimya chao. Mawingu yalikuwa yameshafunika milima ya Mulenge na yalikuwa yanashuka.

Alipofika alimweleza mume wake alichogusa. Hyacinthe alikunja uso. Alisema ukuta wa udongo hulowa msimu wa mvua, wote wanajua, na kesho Chadrack ataitwa aangalie. Pélagie hakubishana. Alichukua tiyo, ule mpira wa maji, akatumbukiza ncha moja kwenye pisini, akavuta maji kwa mdomo mpaka yakaja, akaelekeza ncha ya pili kwenye mfereji unaoshuka kando ya njia. Maji yalitoka, lakini yalitoka kama yanatoka kwenye birika. Kwa tiyo ile ingechukua hadi kesho yake.

Mvua ikaanza kabla ya alasiri kwisha. Haikuanza kwa matone, ilimwagika. Pélagie alisimama uani bila kujifunika, akiangalia miguu ya pisini. Mstari kwenye udongo ulikuwa umefunguka, na maji ya mvua yalikuwa yanaingia humo na hayatoki. Alipiga kelele kuelekea chini, akimwita Émérance awatoe watoto chumbani. Hakujua kama amesikika. Kisha akaona mguu mmoja wa chuma, ule wa upande wa mawe, ukizama polepole kama kisigino kwenye matope, na maji yote ya bluu yakasogea upande huo, yakamwagika juu ya ukingo.

Aliingia jikoni akatoka na kisu cha kukatia nyama.

Hyacinthe alikuwa amesimama barazani, amejishikiza kwenye nguzo. Aliona kisu, akaelewa. Aliita jina lake, si Mama Aline kama kila siku, bali jina lake la usichana, Pélagie, na sauti ilikuwa ya kumsihi. Yeye aligeuka akamtazama. Alimwona alivyosimama kwa miguu yake miwili, mtu ambaye miezi michache nyuma alikuwa akigeuzwa kitandani. Halafu akaenda upande wa mfereji, mbali na mawe, akachoma plastiki chini kabisa, akavuta kisu kwenda juu kwa mikono miwili.

Maji yalimpiga kifuani, yakamtupa ukutani mwa jiko. Kisu kilimtoka. Mpasuko ulijifungua wenyewe mpaka juu, na pisini nzima ikatoka kwa mngurumo, ikavunja ua wa majani, ikaingia kwenye mfereji na kwenye njia, ikateremka ikiwa imebeba mabeseni, viatu, na kuku mmoja aliyepiga mbawa mpaka akapata jiwe la kusimamia. Vyuma vililia, vikakunjana. Halafu ikabaki mvua peke yake.

Émérance na wajukuu walipanda wakiwa wamelowa, wamejifunika sinia na gunia. Walikuwa wamesikia mwito wa Pélagie. Walikaa barazani pamoja na Hyacinthe mpaka mvua ilipokatika, na Pélagie, ambaye bega lilikuwa limeanza kuvimba, akawachemshia chai. Hyacinthe hakunywa yake.

Asubuhi walishuka kutazama. Ukuta wa Émérance ulikuwa umesimama. Ukuta wa mawe nao ulikuwa umesimama, umevimba kidogo katikati. Chadrack alikuja, akazunguka, akakuna kichwa, akasema labda ungeanguka, labda ungeshikilia, Mungu ndiye anajua. Mpaka leo hakuna anayejua zaidi ya hapo. Plastiki ilikuwa imepasuka pasipoweza kuzibwa, na vyuma vingine vilikuwa vimepinda.

Hyacinthe hakusema na mke wake siku ile wala iliyofuata. Alikula alichopewa, akalala akigeukia ukuta. Pélagie alianza kuogopa jambo jipya: kwamba mguu utasahau, kwamba atarudi kitandani, na kwamba kila atakapomwona amelala ataona kisu mkononi mwake mwenyewe. Siku ya tatu, alipokuwa akimfunga vifungo vya shati, Hyacinthe ndiye aliyeanza.

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza, ungesema nini?"

Hyacinthe alifikiri sana. "Ningekataa," alisema.

Pélagie aliendelea kufunga vifungo.

Jumapili Aline alipiga simu, kama kawaida, akauliza kama baba ameingia majini. Pélagie alikuwa ameshapanga maneno tangu Ijumaa, lakini yalipotakiwa hayakuja. Hyacinthe alinyoosha mkono wa kushoto, akachukua simu.

"Pisini imekufa," alimwambia binti yake. "Udongo ilikuwa inateleza. Minye njo nilimuambia mama yako aipasue."

Aline aliuliza mengi, naye akajibu kwa utaratibu wake, bila kubadilisha neno, huku akimtazama Pélagie usoni. Alipokata simu aliomba fimbo.

Alitaka kushuka kwa Émérance, kuugusa ukuta ule mwenyewe. Pélagie alimwambia njia bado ina matope, wangoje ikauke. Hyacinthe alikuwa ameshavaa viatu. Basi wakashuka, yeye mbele na fimbo yake, akiuinua mguu wa kuume kama alivyouinua majini, akiuweka, akipumzika, akiuinua tena. Na Pélagie nyuma yake, mikono imenyooshwa karibu na mgongo wake bila kumgusa. Mumewe aliteleza mara moja, akajishika kwenye ua wa watu. Hakugeuka kuomba msaada.

Émérance aliwaona akiwa mlangoni, akakimbia kutafuta kiti. Hyacinthe alikataa kuketi kwanza. Aliingia chumba cha nyuma, akaweka kiganja ukutani. Alipotoka alimwambia Émérance kwamba wataleta matofali, na kwamba ule udongo wa kujaza utaondolewa wote kabla ya mvua kubwa. Kisha akaketi, jasho linamtiririka, akaomba maji ya kunywa.

Pélagie aliketi kando yake. Alitazama njia waliyoteremka, ilivyosimama wima na kuteleza hadi nyumbani, akaanza kufikiria namna ya kupanda.