Kipimo cha Mama Bupe

Usiku wa kuamkia leo nimeota nimelala juu ya meza yangu ya kukatia, na cherehani yangu inanitazama kama mteja aliyezungushwa wiki tatu.

Niseme kwanza nilikuwa nashona nini. Mke wangu, Mama Bupe, alifariki mwezi wa tatu. Binti yetu Bupe anaondoka Jumatatu kwenda bweni Makete, ambako baridi haina adabu. Nimekata nguo za mama yake vipande vya mraba, nikaviunga viwe blanketi la viraka, na chini yake nimeweka kile kitambaa cha manyoya laini kinachovutika. Alama zote nilipiga kwa kipande cha sabuni, maana chaki iliniishia tangu msiba na sijapata nguvu ya kwenda kununua nyingine.

Kilikosekana kiraka kimoja tu, cha katikati. Kilichobaki kukatwa ni kitenge cha njano, alichoniletea miaka saba iliyopita nimshonee gauni. Mimi ni fundi, hapa Tukuyu wananijua. Nilimwambia njoo kesho.

Sikuwa na moyo wa kukikata, kwa hiyo nikaanza kupiga mishono ya kushikiza viraka kwenye manyoya, kutoka pembeni. Nilijua ni makosa. Aliyenifundisha kazi alisema kila siku: anzia katikati uende nje, na kitambaa cha manyoya usikivute, kiache kiende chenyewe. Nikasinzia hapo hapo.

Sasa cherehani inaniambia nishuke, tumechelewa. Naiuliza tumechelewa wapi. Inainua mguu wake, ule unaokandamiza kitambaa, inaruka nao hadi mlangoni, kwa kuwa ni huo tu ilio nao. Naifuata.

Nje si Tukuyu tena, ni blanketi. Viraka vimetandazwa hadi kwenye mawingu, kila kimoja na ukubwa wa shamba la chai, na mvua inanyesha kama kawaida yake.

Kiraka cha sketi ya buluu kinanisalimu kwa heshima, kisha kinanijulisha kwamba kilinunuliwa mitumbani. Cha sare ya kwaya kinasema chenyewe kilishonwa na fundi wa stendi. Cha gauni la siku ya ubatizo wa Bupe kinasema nacho ni cha fundi wa stendi, tena mtu muungwana, anatimiza ahadi. Namaliza safu nzima sijakutana na mshono wangu.

Mwisho wa safu kuna kiraka cheupe. Nakiuliza nacho kimetoka wapi.

"Mimi ni mabaki ya gauni alilozikwa nalo," kinasema. "Hilo ulilishona wewe. Ulilimaliza siku ile ile."

Ni kweli, nililimaliza siku ile ile.

Kwa kuwa nilianzia pembeni, kitambaa chote kilichozidi kimekimbilia katikati na kuvimba, kikawa kilima. Juu ya kilima ameketi Mama Bupe, anamenya ndizi. Namwita. Ananiambia nije mimi, yeye ana kazi.

Nashika ukingo wa manyoya nimvute hadi nilipo. Navuta, anakuwa mbali kama kanisani. Navuta kwa mikono miwili, anakuwa mbali kama Mbeya. Navuta huku nalia, na sasa simwoni, naona maganda ya ndizi tu yakidondoka kule mbali.

"Ulifundishwa usivute," manyoya yananiambia, polepole, kwa sauti ya mtu aliyefunikwa uso.

Nasema namtaka arudi.

"Kila anayevuta anamtaka mtu arudi. Ndivyo ninavyozidi kurefuka."

Naachia. Inaniuma kuachia kuliko nilivyoumia makaburini. Kitambaa kinakaa kidogo, halafu kinarudi chenyewe, taratibu, na kilima kinanijia hadi miguuni.

Mama Bupe anajipangusa mikono. Mapajani ana kile kitenge cha njano, kimekunjwa vile vile alivyokileta.

"Nimefuata gauni langu, Baba Bupe."

Nataka kumwambia nimekosa, lakini mdomo umejaa pini, na pini zinajibu kwa niaba yangu, kwa pamoja, kama kwaya: "Njoo kesho."

"Sina kesho," anasema.

Hajakasirika, na hilo ndilo linalonimaliza. Natema pini moja moja. Namweleza kwamba kitenge nilitaka kukikatia kiraka cha Bupe, asiende Makete na tundu katikati ya blanketi. Anasikiliza kama alivyokuwa akisikiliza visingizio vyangu vyote, kichwa upande.

"Nishonee kwanza. Kitakachobaki kiwe cha Bupe. Mafundi nyie hamkosi kubaki na kipande, hata mkisema kitambaa hakikutosha. Kipimo changu unacho?"

Namwambia ninacho, hipsi thelathini na tatu. Ndicho nilichomshonea mwezi wa tatu.

"Hicho ni cha ugonjwa," anasema. "Pima."

Nazungusha futi. Inapita thelathini na tatu, inapita thelathini na nane, inakwenda yenyewe bila kuvutwa, inasimama arobaini na mbili, kama siku alipokinunua kitenge. Daftari sina. Ananichomolea chaki nyuma ya sikio, ananipa, naandika kiganjani. Cherehani inasubiri kando, mguu juu.

Nikaamshwa na Bupe. Kumekucha, ameshika kikombe cha chai.

"Baba, umelala mezani tena. Blanketi langu litaisha lini?"

"Leo," nikamwambia.

Nadhani hajawahi kulisikia neno hilo humu ndani.

Niliponyoosha mkono kupokea kikombe, akaniuliza hicho nilichoandika kiganjani ni kipimo cha nani. Nikatazama. Arobaini na mbili, kwa chaki ya buluu, na kipande cha sabuni kilikuwa palepale mezani nilipokiacha.

Nikamwambia ni cha mteja wa siku nyingi. Kisha nikakitandaza kitenge cha njano, nikachukua mkasi, nikaanza na gauni.