Kilomita Nne Kabla ya Dundori

Siku ya pili ya mbio, Jepkemei alianza kupanda mlima wa Dundori miguu ikiwa imemwishia nguvu. Jana yake alikuwa ametoka Sachangwan hadi Nakuru, malori yakimpulizia moshi njia nzima, na alipoamka asubuhi alikuta goti la kushoto limevimba. Alilifunga kitambaa akatoka. Sasa mvua nayo ilikuwa imeanza.

Alikuwa na miaka arobaini na minne, na kazi yake ilikuwa kushona sare za shule pale Kaptembwo. Lakini kila Aprili, kwa miaka sita, alikimbia siku mbili kuchangia misheni. Waumini waliahidi kitu kidogo kwa kila kilomita, na michango ikaenda Turkana, kwa Milcah, mwalimu aliyekua naye katika kanisa moja. Milcah alikuwa amekwenda huko kuhubiri na kufungua shule ndogo.

Shemasi Mathenge alimfuata polepole na pikipiki, mtungi wa maji umefungwa nyuma.

"Mama Chemutai, imebaki kilomita nne tu," alisema. "Kwaya imeshajipanga."

Jepkemei aliinamisha kichwa akaendelea kupanda.

Penye banda la kukusanyia maziwa alisimama mwanamke mwembamba, amejifunga leso kichwani na kuvaa gambuti za mvua zilizomzidi miguu. Alinyoosha mkono kama anayesimamisha gari. Jepkemei alimpita hatua mbili tatu kabla ya kumtambua.

"Milcah?"

"Simama, dada. Usiendelee kukimbia. Nimerudi."

"Umerudi lini?"

"Jumanne. Niko kwa dada yangu, hapo chini. Sijaambia mtu."

Mathenge alizima pikipiki. "Umekuja kututembelea?"

"Hapana," Milcah alisema. "Sirudi tena."

Hasira ilimpanda Jepkemei. Alifikiria goti lake. Alifikiria zile asubuhi zote za kukimbia mazoezi kabla ya kuwasha cherehani, na siku ya wazazi shuleni kwa binti yake Chemutai ambayo hakwenda kwa sababu ilikuwa wikendi ya mbio.

"Miaka sita, Milcah. Si ungeniambia hata kwa simu?"

"Ningekuambia nini? Kila mkinipigia ni kuniuliza wangapi wameokoka, na picha za watoto ziko wapi. Nikatuma picha. Mwaka jana tulizika watoto wanne ndani ya mwezi mmoja, mimi ndiye niliyeomba makaburini. Jioni kanisa likanipigia kuuliza kama fulana mlizowatumia watoto zimefika." Alijifuta uso. "Sikuwa na mtu wa kuniuliza kama ninalala."

Mvua iliwanyeshea. Jepkemei alijaribu kukumbuka kama yeye mwenyewe aliwahi kumuuliza hivyo. Hakukumbuka. Alikuwa akimtajia kilomita.

Aliingia bandani akaketi juu ya mtungi wa maziwa uliopinduliwa. Milcah alikuja akaketi karibu naye.

"Nimechoka," Milcah alisema.

"Mimi pia."

Mathenge alitazama saa yake. "Jamani, watu wanangoja. Tumalize kwanza. Tutasema Milcah ni mgonjwa, amekuja kutibiwa. Hayo mengine yatazungumzwa polepole."

"Usiwaambie mimi ni mgonjwa," Milcah alisema, akimtazama Jepkemei, si Mathenge. "Waambie nimechoka."

"Na wale watoto wa shule? Umemwachia nani?" Jepkemei aliuliza.

"Lokwawi. Kijana wa pale pale, nilimfundisha mwenyewe. Anafundisha vizuri kuliko mimi. Lakini hana mshahara, anategemea kile mlichokuwa mkinitumia."

Milcah aliteremka kurudi kwa dada yake, naye Jepkemei akainuka kwa kushika nguzo. Kilomita zilizobaki alizitembea, hakukimbia hata kidogo. Mathenge alisukuma pikipiki kando yake, na safari hii hakusema imebaki ngapi.

Kanisani walipiga vigelegele. Mchungaji alimpa kipaza sauti, akijua atasema asante kama kila mwaka.

"Milcah amerudi," Jepkemei alisema. "Si mgonjwa. Amechoka, na hatukumuuliza. Mimi pia nimechoka, hizi ndizo mbio zangu za mwisho. Shule iko mikononi mwa kijana anayeitwa Lokwawi. Mlichoahidi, naomba kiende kwake."

Kwaya ilibaki imesimama na vitabu vyake. Mtu wa nyuma alisema kwa sauti kwamba yeye alimchangia mishonari, hakumchangia kijana asiyemjua, akatoka. Wawili wakamfuata.

Ndipo Wangare, mama mzee anayeuza maziwa, akaja mbele akamshika Jepkemei kiwiko. "Huyo mtoto, Milcah, yuko wapi sasa hivi?"

"Kwa dada yake, chini ya banda la maziwa."

"Amekula?"

"Sijui, mama. Sikumuuliza."

"Twende basi tukamuone."

Walishuka pamoja taratibu, mmoja akichechemea kwa goti, mwingine kwa uzee. Walimkuta Milcah amelala kwenye kochi bila hata kuvua gambuti. Wangare alimvua moja, Jepkemei akamvua ya pili, kisha mama mzee akaenda jikoni kupika uji. Milcah hakuamka. Jepkemei aliketi sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye kochi, akanyoosha mguu mbaya mbele yake. Uji ulipoiva, naye alikuwa amelala.

Wangare aliufunika uji, akavuta kiti, akakaa kuwangoja.