Shokapu ya Hanifa

Kheri alikuwa fundi wa kuezeka makuti. Mapaa mengi ya hoteli za Diani yalikuwa yamepita mikononi mwake, na kila Jumapili, wenzake walipokuwa wamejilaza, yeye alikuwa juu ya baiskeli yake ya mlimani akipanda na kushuka vijia vya vilima vya Shimba. Alishindana mara nyingi na kushinda mara chache, wala hilo halikumsumbua. Kisha siku moja ufito wa paa ukamkatikia, akaanguka na kulivunja bega la kulia. Daktari alimwambia bega litapona, kazi nyepesi ataifanya, lakini mitikisiko ya mawe aisahau.

Baiskeli ikaegemezwa ukutani katika chumba cha uani, ikafunikwa kanga kuukuu. Kheri hakuiuza. Hakuigusa pia.

Mkewe, Hanifa, alifanya kazi na kina mama wa Gazi kwenye kitalu cha miche ya mikoko. Kila asubuhi alitoka kwao Msambweni kwa baiskeli nyeusi, ile nzito ya chuma yenye kapu nyuma, na alasiri alirudi nayo huku matope yamemkaukia miguuni. Alikuwa mwembamba, lakini katika barabara ile vijana wachache sana waliweza kumpita.

Habari za mashindano aliletewa na rafiki yake Concepta, mpishi wa hoteli moja ya Diani, mtu wa bara aliyekuwa akija Gazi kununua kaa. Huko Mkongani, Concepta alimwambia, kutakuwa na mashindano ya baiskeli za mlimani, na mwaka huu wanawake wana kundi lao. Yeye mwenyewe alikuwa ameshajiandikisha.

Hanifa alilibeba neno hilo hadi nyumbani, akalitoa wakati wa chakula.

"Baba Twaiba, nina ombi."

"Sema."

"Ile baiskeli ya uani. Nataka kwenda nayo Mkongani."

Kheri alimega ugali, akauchovya, akautafuna polepole kuliko ilivyohitajika. "Baiskeli ile ni kali," alisema. "Si kama hiyo yako."

"Ndiyo maana naiomba hiyo."

Kheri aliitikia kwa kichwa. Siku ya pili waliitoa uani, wakaifuta vumbi, wakajaza upepo magurudumu. Kheri alimteremshia kiti, na Hanifa akavaa suruali ya michezo na shati refu, akafunga mtandio vizuri chini ya kofia ngumu, akaondoka kuelekea vijia vya nyuma ya mashamba ya minazi, kwenye mawe ya matumbawe na mizizi iliyotokeza.

Alirudi mapema mno. Aliishusha baiskeli pale mlangoni na kuketi barazani. Viganja vilikuwa vyekundu.

"Kila jiwe nimelisikia mpaka kwenye meno," alisema. "Kwenye mteremko gurudumu la mbele lilinirukia kando, kidogo nianguke. Huenda baiskeli hii haitaki mtu kama mimi."

Kheri alilitazama gurudumu la mbele. Sababu aliijua. Uma wa mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, ulikuwa na shokapu ya upepo ndani yake, ya kumeza mitikisiko, na upepo ule ulijazwa kwa uzito wa Kheri, mwanamume wa kifua kipana. Kwa Hanifa ilikuwa kama gogo. Angeweza kumwambia palepale. Lakini kifuani mwake kulikuwa na kitu kilichofurahi kidogo kusikia kwamba baiskeli imemkataa, na jambo hilo lilimwaibisha, naye akaenda msikitini kuswali magharibi bila kusema kitu.

Aliporudi alimkuta Hanifa amechuchumaa mbele ya baiskeli, anaipangusa matope kwa uangalifu, kila kona, kama kitu cha kuazima kinachorudishwa kwa mwenyewe. Hapo Kheri hakuweza kuficha tena.

"Hebu iache kwanza," alisema. Akachuchumaa pembeni yake, akamwonyesha kipete cha mpira kilichovishwa kwenye mguu wa uma. "Kipete hiki husukumwa juu shokapu inapozama. Kitazame. Umepita mawe yote yale na hakikusogea hata upana wa kidole. Shokapu haikufanya kazi, Hanifa. Imejazwa kwa uzito wangu. Wewe huna kosa."

Hanifa alikitazama kipete, kisha akamtazama yeye. "Ulijua tangu nilipokuja?"

"Nilijua."

"Na ulikuwa ukingoja nini?"

"Nilikuwa naona wivu," alisema Kheri.

Hanifa alicheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega. "Wivu wa baiskeli! Haya, basi. Twende tukaitengeneze."

Jumamosi walikwenda Ukunda kwa Elphas, fundi baiskeli mwenye kibanda karibu na soko. Elphas alizaliwa Kakamega, lakini miaka yake ya Ukunda ilikuwa mingi.

"Kheri! Nilidhani umehama pwani, bana," alisema. Akamgeukia Hanifa. "Karibu, shemeji. Huyu ndiye amekuja na hii mashine ama ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Hanifa. "Yeye amenisindikiza."

Elphas aliushika usukani, akaukandamiza kwa nguvu. Uma ulizama kidogo, ukatoa sauti ya mkwaruzo, ukarudi kwa kusitasita. "Hii kitu imekaa sana bila kufunguliwa," alisema. "Imekauka huko ndani. Kabla ya kupima upepo, tuioshe."

Waliufungua pamoja. Elphas alitoa upepo wote kwa kivali kidogo cha kutilia upepo, juu ya mguu wa kushoto, akalegeza skrubu za chini, akazigonga taratibu kwa nyundo ya mpira mpaka miguu ya chini ikaachana na ya juu. Mafuta yaliyotiririka kwenye karai yalikuwa meusi kama kahawa, yenye chembe za mchanga. Kheri alitikisa kichwa. Vumbi la Shimba lile, na chumvi ya hewa ya Msambweni juu yake.

Kazi ya kusafisha aliichukua Hanifa. Alizipangusa sili, zile pete za mpira zinazozuia vumbi lisiingie, kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kwa mikono ileile iliyozoea kupandikiza miche bila kukata mizizi. Pete za sifongo zilizokaa chini ya sili zilikuwa zimekauka kama mkate wa juzi. Kheri alizilowesha kwenye mafuta mapya mpaka zikashiba, akazirudisha, akapaka sili grisi kidogo. Elphas akapima mafuta ya ndani, akayamimina, akafunga. Safari hii uma ulipokandamizwa ulizama kimyakimya.

"Sasa, shemeji, vaa vitu vyako vyote," alisema Elphas. "Kofia, viatu, mkoba na maji yake. Tunapima uzito wa siku yenyewe."

Hanifa alipanda, Kheri akaishikilia baiskeli kwa mkono wa kushoto. Elphas alikishusha kipete mpaka kwenye sili, akamwambia atulie vile anavyoendesha, kisha ashuke polepole asiutikise uma. Kipete kilipanda kidogo tu. Elphas akapunguza upepo kwa pampu yake ndogo yenye geji, wakapima tena, na tena, mpaka uzito wa Hanifa ukaizamisha shokapu kadiri ya sehemu moja katika tano za mwendo wake.

"Hapo ndipo," alisema Elphas.

Lakini Hanifa alipozunguka nyuma ya soko na kurudi, alisema uma uliporomoka aliposhika breki, kisha ukarudi juu kwa uvivu. Kheri akaongeza upepo kidogo sana. Akainama chini ya mguu wa kulia, kwenye kitufe chekundu kinachotawala kasi ya kurudi, akakifungua mbofyo baada ya mbofyo. Alipajua mahali pale bila kutazama. Alipomaliza, aligundua kwamba sasa hangeweza kuiendesha tena baiskeli ile, iliyokwisha kupimwa kwa uzito wa Hanifa, hata kama bega lingekubali, na wazo hilo lilipita bila kumuuma.

Siku ya Mkongani kulikuwa na wingu jembamba, na ardhi ilikuwa na unyevu wa mvua ya jana. Kheri alijiweka kwenye mteremko wenye mawe, pale njia inapokata kati ya mashamba ya mihogo, pamoja na watu wa kijijini waliokuja kutazama.

Wa kwanza alipita, wa pili akapita. Wa tatu alikuwa Hanifa, na Kheri alimtambua kwa mtandio wake wa kijani kabla ya kuuona uso. Lakini alikuwa anarushwa. Viwiko vilikuwa vinapigapiga hewani, na miguu ya uma haikusogea kabisa. Mara moja Kheri akaelewa: alikuwa ameifunga shokapu kwa kifungio chake isizame kwenye mpando ili asipoteze nguvu, na akasahau kuifungua.

"Hanifa!" alipiga kelele. "Fungua! Fungua juu!"

Bibi mmoja aliyesimama karibu, Mbodze, alimshika mkono. "Afungue nini, mwanangu? Si atapoteza nguo njiani!"

Watu wakaangua kicheko. Hanifa alikuwa amesikia. Kifungio kilikuwa juu ya mguu wa uma, hakifikiki ukiwa kwenye mawe, kwa hiyo akakamata breki, akatua mguu chini. Concepta akampita, akimpigia yowe la kumtia moyo. Hanifa akainama, akazungusha kifungio, akamtazama mumewe mara moja, akaenda.

Na hapo Kheri aliiona shokapu ikifanya kazi. Ilimeza jiwe, ikarudi, ikameza jingine, na mikono ya Hanifa ikatulia juu yake. Alikata kona ya chini bila kugusa breki, akapotea kwenye mihogo.

Alimaliza wa nne, nyuma kidogo ya Concepta. Kheri alipofika alimkuta ameketi chini, matope mpaka shingoni, anakula chungwa na kucheka na wenzake.

"Alhamdulillahi," alisema alipomwona. "Mwakani sitasahau."

"Mwakani Inshallah," alisema Kheri, akatoa kitambaa mfukoni. "Lakini udongo huu usikae kwenye sili. Ngoja niufute."

Hanifa alimkabidhi nusu ya chungwa na kukichukua kile kitambaa. "Wewe kula," alisema. "Baiskeli yangu nitaifuta mimi."