Ikitaka Kushika

Mwalimu mstaafu, ambaye wanafunzi wake wote walimwita Kalamu Nyekundu, alikuwa na siku tatu za kumrudisha mkewe nyumbani. Bibi huyo alikuwa ameteleza bafuni mara mbili kwenye vigae vya kung'aa alivyovichagua mumewe. Mara ya kwanza alikikanda kiuno akanyamaza. Mara ya pili alifungasha begi akahamia kwa mdogo wake.

"Nitakuja Jumamosi," alisema mlangoni. "Nikikuta utelezi, nageuza hapohapo, na kabati langu nalo nitakuja kulichukua."

"Nitaiweka sakafu mpya kwa mikono yangu mwenyewe," Mwalimu akaapa.

"Mikono gani? Hiyo inajua kusahihisha tu."

Neno hilo lilimkaa rohoni, maana lilikuwa kweli tupu. Huyu bwana alisahihisha risiti, alisahihisha matangazo ya vifo, na kadi ya harusi ya binti yake wa kumzaa aliipa saba juu ya kumi.

Basi akamwita fundi wa vigae, mtu mzima aliyejulikana kwa jina la Kokoto. Jumatano walibomoa vigae. Alhamisi fundi aligandisha vijiwe vya mviringo, vile vinavyouzwa vikiwa vimebandikwa kwenye wavu, na Ijumaa asubuhi akavipaka dawa ya kuvikinga. Ilibaki kazi ya kujaza saruji katikati ya mawe, na hapo Mwalimu akang'ang'ania: hiyo ni yake, aliapa.

"Haya," fundi akasema, naye ana kazi nyingine ya kuwahi. "Changanya iwe nzito kama dawa ya meno. Ipake yote, isukume iingie. Halafu kaa uiangalie. Ikitaka kushika, futa kwa sponji yenye maji kidogo, vichwa vya mawe vitokeze."

Mwalimu alikuwa anaandika kwenye daftari. Kalamu ikasimama.

"Fundi, saruji haina nafsi. Itatakaje? Sema 'ikishika'."

"Mwalimu, mbona mvua hutaka kunyesha?"

"Na huko nako mnakosea."

Akaandika kwa mwandiko mzuri: *Ikishika, futa.* Fundi akajikuna kichwa, akaenda zake.

Mwalimu alipaka mpaka jasho likamwingia machoni, akafurahi kama mtoto. Mawe yote yakazama chini ya uji wa kijivu. Akageuza ndoo, akaikalia, akangoja. Robo saa ilipopita aligusa kwa kidole. Laini, bado haijashika. Nusu saa, kidole kikaacha alama kidogo. Bado. Alikwenda kunywa chai, akarudi, akangoja tena kwa uaminifu mkubwa. Saa mbili zilipotimia aligonga kwa kifundo cha kidole, ikaitika ko, ko.

"Sasa imeshika!" akasema, akachovya sponji.

Alifuta. Akafuta tena. Sponji ikachanika, na hakuna jiwe hata moja lililotokeza. Alikuwa amejenga barabara bafuni.

Fundi alipoitwa kwa simu alikuja, akasimama mlangoni, akaigonga sakafu kwa kisigino.

"Nilikwambia ufute ikifanyaje?" aliuliza mwishowe.

Mwalimu alifungua daftari, akalitazama, akalifunga.

Walipiga magoti wote wawili na vijiti vya mbao na brashi ngumu, wakakwangua jiwe moja moja mpaka jioni. Jumamosi wakaanza tena asubuhi. Walikuwa wamefika nusu ya sakafu, kope zao nyeupe kwa vumbi, begi lilipotokea mlangoni na mwenye begi nyuma yake.

Fundi alikuwa na huruma. "Saruji za siku hizi, mama," akawahi kusema. "Mbovu kabisa."

Bibi alimtazama mumewe. Mwalimu aliona njia ya kuponyokea, pana, imefagiwa. Aliogopa sana. Akisema kweli, begi lile litageuka.

"Saruji haina kosa," alisema. "Fundi alinieleza sawasawa, mimi nikamsahihisha. Nimekosea."

"Umesemaje?"

"Nimekosea."

"Sikio hili lina matatizo. Semea na hili."

"Nimekosea, mke wangu."

Bibi akaweka begi chini, akavua viatu, akaingia kwa miguu mitupu kwenye ile nusu iliyosafishwa. Akazungusha kisigino juu ya mawe, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa makusudi. Hakuteleza. Machozi yakamlengalenga, akayafuta kwa haraka.

"Nusu hii inanitosha," alisema. "Tokeni nje, nataka kuoga."

Fundi alifumbua mdomo amweleze kwamba saruji mpya hailowanishwi mpaka siku tatu zipite. Mwalimu akamkanyaga mguu.

"Nyamaza," alimnong'oneza, akimvuta nje kwa mkono. "Usimsahihishe."