Ulimi Nao Ni Kiungo

Lugembe alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe kule Ziba, na watu waliomfahamu walisema hakuhitaji kipaza sauti. Hata nyumbani kwake Cheyo, Tabora mjini, hakujua kunyamaza. Apolinaria, mkewe, alipika huku akisimuliwa nani kanunua fahali gani, nani kagombana na nani, mpaka ugali ukaiva bila yeye kuhisi.

Siku moja ya Agosti, akirudi kutoka mnadani, Noah ya abiria aliyopanda ilipasuka gurudumu ikapinduka karibu na Puge. Alivunjika mguu, akaumia kichwa upande wa kushoto. Alipasuliwa, akalazwa majuma saba. Aliporudi nyumbani alitembea kwa mkongojo, alikula mwenyewe, alimtambua kila mtu. Ila maneno hayakuja. Alifumbua kinywa, uso umejaa jambo la kusema, akatoa "ta, ta, ta" tu.

Apolinaria alimkosa kama mtu anavyomkosa aliyesafiri, ilhali mwenyewe alikuwa ameketi mbele yake anakunywa uji. Katika simu yake ulibaki ujumbe mmoja wa sauti, wa wiki moja kabla ya ajali: "Tumekwama Nzega, mke wangu, dereva anakula kama anahama nchi." Aliusikiliza jikoni, redio ameifungulia juu ili Lugembe asiisikie sauti yake ya zamani.

Mektilda, mtaalamu wa matamshi aliyekuja Tabora kutoka Mwanza mara mbili kwa mwezi, alimpima.

"Mama, maneno yapo, ila njia ya kuyatoa imeumia," alisema. "Tukianza sasa hivi yatarudi mengi. Tukichelewa, sijui."

Bima ya ile Noah ndiyo iliyokuwa imelipia upasuaji na mazoezi ya mguu. Kwa hiyo Apolinaria alipeleka barua ya Mektilda kwenye ofisi ya kampuni, kwa kijana mmoja aitwaye Naushad aliyeshughulikia madai. Baada ya wiki tatu akaitwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamesemaje?"

"Makao makuu wamekataa. Mkataba unasema matibabu na utengamao wa viungo, yaani kuvirudishia nguvu. Mguu tumeulipia mpaka akatembea. Haya ya kusema wanayahesabu kuwa masomo."

"Masomo? Mtu mzima wa miaka hamsini na nne? Alikuwa anajua kusema kabla ya gari lenu."

"Ndivyo walivyoandika, mama."

"Ulimi si kiungo?"

Naushad alipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Mimi sina uamuzi," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini yuko msuluhishi wa migogoro ya bima, Dar es Salaam. Huhitaji wakili. Andika hivyo hivyo ulivyoniuliza."

Apolinaria aliandika kwa mkono, kurasa mbili. Majibu yakaja yakitaka vyeti, kisha vyeti vingine, kisha nakala za vile vya kwanza. Mvua zikaanza. Mektilda akaja Tabora, akaondoka, akaja tena, na wao hawakuwa na uwezo wa kumlipa.

Jumapili moja kanisani waumini waliposimama kuimba, Apolinaria alisikia sauti nzito pembeni yake. Lugembe alikuwa anaimba. Maneno yote, ubeti mzima, bila kukwama, kana kwamba wimbo ulikuwa na njia yake nyingine. Apolinaria akaacha kuimba, akafumba macho, akatamani wimbo ule usiishe. Ulipoisha Lugembe alimgeukia kwa furaha, akajaribu kumwambia kitu.

"Ta," alisema. "Ta."

Machi shauri lilisikilizwa kwa simu ya video, ofisini kwa Naushad. Mwanasheria wa kampuni alisema mlalamikaji anatembea, anakula, anajihudumia. Kwa maana ya mkataba amepona. Msuluhishi, mama mwenye miwani, akamwomba Lugembe ajitambulishe. Lugembe alishika ukingo wa meza. Alijaribu, akajaribu tena, jasho likamtoka. Apolinaria aliuma mdomo asimsaidie.

"Inatosha, baba," msuluhishi alisema taratibu. "Asante."

Uamuzi ulitoka Aprili: kampuni ilipie vipindi thelathini. Naushad alipiga simu mwenyewe kabla barua haijafika.

Mektilda alifurahi, lakini hakuficha wasiwasi wake. "Kama tungeanza Oktoba..." alisema.

Lugembe hakurudi mnadani. Katika vipindi thelathini alipata maneno kama sitini hivi: uji, mguu, mvua, twende, sitaki. Sentensi ndefu zilimkatikia njiani, na habari za watu wa Ziba, zile alizokuwa akisimulia jikoni, zilibaki ndani yake. Kampuni ilikataa kuongeza vipindi, na safari hii msuluhishi akakubaliana nayo.

Jumamosi moja Apolinaria alikuwa akifua uani. Lugembe akatokea mlangoni, akamtazama kwa muda mrefu, midomo ikitafuta jina lake.

"Doto!" aliita.

Doto alikuwa dada yake Lugembe aliyemlea, aliyekufa zamani. Lugembe akajua amekosea, akatikisa kichwa kwa hasira.

"Abee," Apolinaria akaitika. Akajifuta mapovu, akamsogelea.