Sauti Mbili Meza Moja

Barua ya tatu ilikuwa ya daktari wa mifupa, yule anayerekodi huku akitafuna, na Bi Redio alikuwa ameifikisha katikati kabla ya saa tatu asubuhi. Sikio la kushoto lilikuwa na daktari. La kulia lilikuwa na ugomvi.

Jina la Bi Redio alipewa na wenzake wa ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa, maana kompyuta yake huongea kutwa. Haoni tangu utotoni. Kwa miaka kumi na minne amechapa barua za madaktari kwa kusikiliza rekodi zao, huku programu ya kusoma skrini, aliyoibatiza Kasuku, ikimwambia kila kilicho mbele yake: herufi, mstari, kitufe. Kasuku huongea mbio hata mpita njia hudhani mashine imeharibika. Yeye hakosi neno. Alikuwa akimaliza barua arobaini kwa siku, na mpiga chapa wa meza ya pili, mwenye macho yake mawili mazima, akijitahidi sana anafika thelathini na tano.

Kisha ikaja programu mpya ya faili, yenye sauti yake yenyewe. Wafadhili waliilipia hasa hiyo sauti, kwa ajili ya "wafanyakazi wenye mahitaji maalumu", na hospitali nzima mwenye mahitaji hayo alikuwa mmoja. Hakuna aliyemuuliza. Sasa akibonyeza kitufe Kasuku anasema, na mgeni, ile sauti ya programu mpya, naye anasema, papo hapo, mmoja juu ya mwenzake.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," alisema mpiga chapa. "Si umzime mmoja, dada?"

"Nikimzima Kasuku, nikitoka tu kwenye hii programu nimepotea. Mgeni anajua chumba chake basi, sebuleni hajui hata mlango ulipo."

"Mzime mgeni, basi."

"Neno la siri analo bosi."

Akabuni njia ya kati: akiwa ndani ya programu mpya anamlaza Kasuku usingizi, akitoka anamwamsha. Ingefaa, lakini vidole vina mazoea yao. Kuna kitufe cha pembeni ambacho miaka yote amekibonyeza ili Kasuku arudie mstari. Kasuku akiwa macho hukidaka mwenyewe. Akilala, kitufe kinakwenda moja kwa moja kwenye programu mpya, na huko maana yake ni: peleka faili wodini.

Simu ikalia. Alikuwa muuguzi.

"Bi Redio, barua yako inasema mgonjwa apewe vidonge viwili mara, halafu basi. Mara ngapi?"

Bi Redio alirudia rekodi, akamtajia, akaomba radhi. Ilikuwa barua ya pili kwenda nusunusu wiki hiyo. Ya kwanza bosi alikwisha kuiandika kwenye jalada lake, na akasema leo, wageni wa wafadhili wanaokuja kuiona programu wakishaondoka, Bi Redio atapimwa: barua sita kwa saa moja. Akishindwa, mkataba hauongezwi. Nyumbani kuna mama mzazi asiyeinuka kitandani, na mshahara ni huo mmoja.

Akaenda kubisha kwa bosi.

"Naomba uzime sauti ya programu, bosi. Fundi amesema ni kuondoa alama moja tu. Utapata barua zako arobaini kama zamani."

"Nizime? Mama, hiyo sauti ndiyo wageni wanakuja kuisikia. Nikiizima watasikia nini?"

"Lakini anayeisikiliza kila siku ni mimi."

"Utazoea. Shukuru umekumbukwa."

Saa nne wageni wakaingia, viatu vingi na manukato. Bosi akamchomolea hedifoni ili sauti itoke kwenye spika. Sauti ya programu mpya ikaongea polepole, kwa adabu, kama mtangazaji wa misiba. Wageni wakapiga makofi. Bi Redio alisikiliza makofi yale mpaka yakaisha. Akamwamsha Kasuku, akaanza kuchapa.

Chumba kikajaa sauti mbili, moja mbio, moja taratibu, hakuna neno linaloshikika.

"Zima hiyo!" bosi alifoka.

"Ipi, bosi?"

Mgeni mmoja wa kike akauliza kwa sauti ndogo, "Ndivyo anavyosikia siku zote?"

"Hitilafu ndogo tu," alisema bosi, akawaelekeza kwenye vinywaji.

Robo saa baadaye akaja fundi wa kompyuta, akisimama mbali kidogo na kiti.

"Mama, nimeagizwa niifute ile ya zamani. Wanasema ndiyo inayoleta vurugu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni kibarua, mama. Nisamehe."

Kasuku akakatika katikati ya neno. Kipimo kikaanza hivyohivyo. Rekodi za madaktari zilikuwa nje ya programu mpya, na huko nje sasa hapakuwa na sauti yoyote. Bi Redio alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Saa ikaisha bila barua hata moja.

Alasiri afisa utumishi akaleta karatasi na kidau cha wino.

"Weka dole gumba hapa."

"Imeandikwa nini?"

"Utaratibu tu, mama."

"Nisomee."

Akaguna, akasoma: mfanyakazi ameshindwa kutumia kifaa alichonunuliwa, mkataba wake utakoma mwisho wa mwezi.

"Ongeza kwamba nilikuwa na changu, mkakifuta."

"Fomu haina nafasi hiyo. Lete kidole."

Bi Redio alivuta mkono wake. Akaomba kalamu, akapapasa ukingo wa karatasi, akaandika jina lake lote, sawasawa, juu ya mstari.

"He!" afisa alishangaa. "Kumbe unajua kuandika?"

Bi Redio alikunja waya wa hedifoni, akautia mkobani. Nyuma yake programu mpya ilikuwa bado inamwomba, kwa adabu, abonyeze kitufe chochote ili kuendelea.